Chozi Juu ya Mshubiri

Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari mkoani Tanga, na kwa miaka mingi niliamini kuwa bustani ya shule hainihusu. Hiyo ni ya mwalimu wa baiolojia. Mimi nina ngeli, vina na mizani. Imani hiyo ilivunjwa na maboga.

Msimu huo nilikuwa mwalimu wa zamu. Wanafunzi walilalamikia wadudu waliozagaa bustanini, nami, bila kuuliza ni wadudu gani, nikaagiza dawa ipigwe. Wiki chache baadaye mimea ya maboga ilitanda na kuchanua maua ya manjano, kisha vijiboga vikanyauka kimoja kimoja kabla ya kufikia ukubwa wa ndimu.

Mwalimu mwenzangu wa baiolojia alituita sote. Alipasua maua mawili: dume lenye chavua, na jike lililobeba kijiboga chini yake. Chavua ya maboga, alisema, ni nzito na hunata; upepo hauiwezi. Huvushwa na nyuki. Ua lenyewe hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri, halifunguki tena.

Niliinamisha kichwa. Neno lililoiua bustani lilikuwa langu: wadudu. Kwa neno hilo moja niliwatia kapu moja nyuki, kipepeo, nyigu na vidukari, mwenye kulisha na mwenye kula. Nami ndiye niliyewafundisha watoto kuchagua maneno!

Tulianza upya. Tulipanda mrehani, alizeti na mshubiri. Tuliacha kipande cha ardhi tupu bila kukilima, kwa kuwa nyuki wengi wa porini hawana mzinga wala malkia. Kila jike huchimba kiota chake udongoni. Kazi yangu ikawa majina. Kila mwanafunzi alitakiwa kuwauliza wazee wa nyumbani, kwa Kiswahili, Kisambaa, Kibondei au Kidigo, jina la kila kiumbe kinachotua juu ya ua, kisha aliandike daftarini.

Hapo ndipo neno bioanuwai, ambalo walikuwa wakilikariri kwa ajili ya mtihani, lilipopata mwili. Anuwai tumeipokea kutoka Kiarabu, nayo ni aina kwa aina. Lakini utazihesabuje aina usizoweza kuzitaja?

Binti mmoja alimwuliza bibi yake kuhusu kile kindege chenye mdomo mrefu uliopinda, kinachonyonya mbochi. "Huyo ni chozi, mjukuu wangu," bibi alimjibu. Darasa liliangua kicheko, kwani chozi walilolijua ni la jichoni. Tukafungua kamusi, tukalikuta: neno moja, maana mbili. Hata mimi sikuwahi kulifundisha.

Juma lililofuata binti huyo aliniletea shairi. Chozi ametua juu ya mshubiri, mti ambao utomvu wake tunaufananisha na kila uchungu, naye anaondoka na utamu. Mizani ilipwaya katika ubeti wa pili. Nilishika kalamu nyekundu, kisha nikaiweka chini.

Nje ya dirisha, maboga ya mwaka huu yamelala juu ya majani makavu. Nimeyahesabu: ni kumi na moja. Na kabla ya mtu yeyote kupiga dawa siku hizi, wanafunzi humwuliza swali ambalo mimi sikuliuliza: "Mwalimu, mdudu gani?"