Mstari Uliokosekana Katika Kitabu cha Nkambo

Ndugu msomaji, leo ninataka kukuelezea jambo moja la jamaa yetu. Si jambo la kunisifu. Nilipolifanya nilikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, lakini hata leo, nikiwa mchungaji na baba wa watoto, likinirudilia usiku ninageuka kitandani.

Nkambo wangu, baba ya mama yangu, alikuwa askari wa Force Publique, lile jeshi la wakati wa Wabelgiji. Alipotoka jeshini alikuja huku Katanga kufanya kazi ya mine, na mimi nilimkuta amekwisha kupumzika, akikaa nasi katika kambi ya wafanyakazi. Jioni, mama akisonga bukari, nkambo alikaa kwenye kiti chake chini ya mwembe na sisi watoto tulikaa chini. Hapo alituelezea vita ya Abisinia.

Alituambia namna walivyopanda malori mpaka Aba, wakavuka mpaka kwenda Juba, kisha wakapanda mashua kubwa juu ya mto Nil. Alituambia juu ya mvua na matope, na mlima wa Saio ambako Waitalia walijificha. "Shiye tulikuwa na njaa kupita beye," alisema. "Lakini beye njo balitosha bunduki, balibwaga chini." Halafu alicheka na kutupigia saluti.

Nilipokuwa mkubwa nilisoma, nikaona kwamba hadisi ile ni ya kweli. Italia iliteka Abisinia mwaka 1936. Mwaka 1941 askari wa Kongo walitumwa kule pamoja na majeshi ya Uingereza. Mwezi wa tatu mwaka ule walikamata Asosa, kisha Gambela. Halafu walibaki siku nyingi mbele ya Saio, chakula kikawa haba, beriberi na kuhara vikawaingia. Waliokufa kwa ugonjwa walipita waliokufa kwa risasi. Mwezi wa saba Jenerali Gazzera wa Italia alijitoa mikononi mwa Jenerali Gilliaert, mkubwa wa jeshi letu. Wababu zetu walifanya kazi ile, wengi bila viatu vizuri.

Lakini nkambo hakuwa na medali. Jirani yetu mmoja, naye askari wa zamani, alikuwa nayo, na siku za sikukuu aliifunga kwenye kifua. Watoto wa kambi walianza kumchekelea nkambo: "Medaye yako iko wapi?" Siku moja aliniita, akatoa ndani ya sanduku kitabu chake kidogo cha askari, amekifunga katika plastiki. Alijua kwamba ninasoma Kifaransa masomoni. Akaniambia, "Basomee."

Nilisoma mbele ya wote. Jina, namba ya matrikule, kijiji, siku ya kuingia, siku ya kutoka. Nikafika kwenye ukurasa wa vita na medali. Ulikuwa mweupe.

"Nkambo, humu hamuna Abisinia."

"Soma tena."

Nikasoma tena, kisha nikasema kwa sauti ya mtoto anayejidai amesoma, "Hawakuandika. Labda hukufika kule." Watoto wakapasuka kucheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Nkambo akachukua kitabu, akakifunga polepole. "Mukanda njo iko na bongo, mwana. Hapana miye." Tangu siku ile hakutuelezea tena hadisi ya vita. Alikufa mwaka 1994, na hatukupata kusema naye juu ya jambo lile.

Msomaji wangu, labda unasema: medali ni kitu gani? Ni kipande cha chuma na kitambaa. Mimi pia nilijisemea vile siku nyingi. Lakini mwaka 2006, nilipotoka kwenye masomo ya Biblia na kupewa kanisa langu la kwanza, nkambo mwanamke aliniita. Alikuwa mzee sana. Alitoa sanduku lile lile na plastiki ile ile, akaniambia neno ambalo sitalisahau: "Weye njo ulisomaka ile mukanda. Weye njo utaitengeneza."

Sikuwa na cha kujibu. Nikaandika barua Brussels, kwa sababu kule ndiko makaratasi mengi ya wakati wa Wabelgiji yanakotunzwa. Nikaweka fotokopi ya kitabu, nikaomba waangalie. Nilingoja miezi minane. Jibu likaja, mistari mitatu: jina hili halionekani katika liste ya walioenda Abisinia.

Nilitaka kuacha. Nilijiambia kwamba labda kitabu kilisema kweli na mzee alijipamba kidogo, kama wazee wengine. Ona basi, mara ya pili nilikuwa karibu kumfanya nkambo mwongo, na mara hii sikuwa mtoto.

Katika siku zile nilipata kusoma hadisi ya askari mmoja wa Marekani, na hiyo ndiyo iliyoniamsha. Aliitwa Edward Carter, mtu mweusi, mtoto wa wamisionere, aliyekomea India na China. Katika vita ya pili ya dunia jeshi la Marekani halikutaka sana kuwaweka watu weusi mbele. Walipokubaliwa mwishoni, waliambiwa wavue vyeo vyao kwanza. Carter alikuwa sajenti. Akavua cheo, akaenda. Tarehe 23 Machi 1945, karibu na mji wa Speyer katika Ujeremani, alivuka shamba wazi chini ya risasi pamoja na wenzake watatu. Wawili waliuawa, mmoja akaumia vibaya. Yeye aliendelea peke yake, akapigwa risasi mara tano, na bado akarudi na mateka wawili.

Je, alilipwa nini? Walimpa medali ya pili kwa ukubwa. Lakini mwaka 1949 jeshi lilikataa kumwandika tena, kwa kumshuku bila ushahidi kwamba ni mkomunisti. Alikufa mwaka 1963 akiwa na alama ile mbaya juu ya jina lake. Mwaka 1997 Rais Clinton alitoa medali kubwa kuliko zote kwa watu weusi saba wa vita ile, na mmoja tu kati yao alikuwa bado hai. Carter alikuwa mmoja wa wale sita waliokufa. Lakini mke wa mtoto wake, Allene Carter, hakutosheka. Alitafuta makaratasi yote, akaonyesha kwamba shaka ile haikuwa na msingi. Mwaka 1999 jeshi liliomba msamaha mbele ya jamaa, likasahihisha kitabu chake, na likatoa medali nyingine ambazo alinyimwa, hata ile ya mwenendo mwema.

Nilijifunza pia namna wanavyofanya kazi hii kule. Wana baraza la kusahihisha vitabu vya askari. Askari mwenyewe anaweza kuomba, na kama amekufa, mjane ao mtoto wake. Tena mwaka 1973 moto uliunguza nyumba ya kutunzia makaratasi ya askari karibu na mji wa St. Louis, na vitabu milioni 16 mpaka 18 vikateketea. Je, wenye vitabu vile waliambiwa kwamba hawakuwa askari? Hapana. Walitafuta kwa njia nyingine: liste za mshahara, karatasi za hospitali, daftari za kila siku za kikosi. Kitabu kimoja kikikosa, kingine kinaweza kusema.

Karatasi za hospitali! Hapo nilisimama. Nkambo alituambia mara nyingi kwamba miguu yake ilivimba kule Saio, wakambeba. Nikarudi kwa nkambo mwanamke, tukamimina sanduku lote juu ya mkeka. Chini kabisa, ndani ya bahasha ya picha za ubatizo, tukapata karatasi moja ndogo yenye rangi ya chai. Ilikuwa karatasi ya kutoka hospitali, ya mwaka 1941. Jina lilikuwa limeandikwa vibaya: mahali pa L waliweka R. Lakini namba ya matrikule ilikuwa ile ile ya kitabu.

Unaelewa, msomaji? Mwandishi mmoja alisikia L, mwingine akasikia R. Katika kitabu alikuwa mtu mmoja, katika liste ya vita alikuwa mtu mwingine. Hakuna aliyemchukia. Kalamu iliteleza tu, na kwa ajili yake mzee alichekwa mpaka kaburi.

Nikatafuta shahidi. Watu waliniambia kwamba katika cité nyingine kuna mzee aliyefanya jeshi naye. Nikaenda kwa kinga. Mzee alikuwa haoni tena, lakini nilipotaja jina la nkambo alisimama. "Ule? Tulikulaka naye majani ya pori kule Saio!" Niliandika maneno yake, nikamsomea kwa Kiswahili, akaweka kidole gumba kwenye wino, akapiga chini ya ukurasa. Biro ya mahali ikatupigia mhuri. Kisha nikatuma barua ya pili: kitabu, karatasi ya hospitali, ushuhuda, na majina yote mawili, la L na la R, pamoja na namba ile moja.

Yule mzee alikufa kabla jibu halijafika. Kama ningengoja mwaka mmoja zaidi, kinywa kile kingefungwa bila kusema.

Jibu lilikuja mwaka 2009. Safari hii ilikuwa barua ndefu, na ndani yake fotokopi ya liste. Nikaona kwa macho yangu jina la nkambo, na R yake, na namba yake, na neno Abisinia. Waliandika kwamba makaratasi yetu yamewekwa katika faili yake, ili jina moja lisitenganishwe tena na lingine. Medali yenyewe haikuja.

Nilimpelekea nkambo mwanamke barua ile, nikamsomea mara mbili. Hakuuliza medali. Aliuliza neno moja tu:

"Basi hakusemaka bongo?"

"Hapana, nkambo. Hakusemaka bongo."

Akalia kidogo, kisha akaniambia niite watoto. Nikawakusanya watoto wa jamaa yote, na baadhi ya wale waliocheka zamani, sasa wenye mvi. Nikawasomea liste mbele ya wote, kama nilivyosoma kitabu zamani, na nikaungama kosa langu kwa sauti. Nkambo mwanamke alipumzika mwaka 2012. Barua ile tulikuwa tumeifunga katika plastiki ile ile.

Katika kitabu cha Esta mnajua habari ya Mordekai. Aliokoa maisha ya mfalme, na tendo lake liliandikwa, lakini hakuna aliyemkumbuka mpaka usiku ule mfalme alipokosa usingizi na kusomewa daftari. Ninauliza mara kwa mara: na kama mwandishi wa mfalme angekosea jina? Mfalme angesomewa nini? Tendo jema linamtaka anayelitenda, linamtaka pia anayeliandika sawasawa, na anayekubali kufungua tena daftari.

Mwezi wa sita mwaka 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alifika Kinshasa, akamvika medali koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyetumika Birmania katika vita ile, na aliyehesabiwa kuwa wa mwisho wa askari wale. Nilifurahi, na nilihuzunika pia. Miaka zaidi ya makumi saba na tano ilipita tangu vita iishe. Wangapi walikwisha kulala bila mtu kuwaita?

Basi wazazi na vijana, ninawaomba jambo hili. Fungueni sanduku la mzee wenu akiwa bado hai. Si kwa vita tu. Kitabu cha kazi ya mine nacho kina miaka iliyorukwa na majina yaliyopotoka. Mwulize aliitwaje pale kazini, na namba yake ni ngapi, kwa sababu namba haijui L na R. Msitupe karatasi ndogo ya hospitali ao ya mshahara. Andikeni maneno ya wenzake waliomwona, mbele ya mashahidi. Tumeni fotokopi, asili ibaki nyumbani. Na jibu la kwanza likisema hapana, msilifanye kuwa jibu la mwisho.

Na wewe kijana uliyesoma, mzee akikupa karatasi umsomee, soma polepole. Ukiona ukurasa mweupe, usicheke. Uliza kwanza nani alishika kalamu.