Maporomoko ya Karura

Watu wengi wa Nairobi hudhani kwamba atakaye kuona maporomoko ya maji sharti asafiri mpaka Nyahururu au milima ya Nyandarua. Wamesahau kwamba maji huporomoka ndani ya mji wao wenyewe, katika Msitu wa Karura, uliotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, nao una eneo la hekta 1,000 na zaidi kidogo.

Karani mmoja, mpenzi wa kupiga picha, aliazimu kwenda huko Jumamosi moja pamoja na mama yake mzazi. Mama huyo wa Kiambu alikuwa miongoni mwa wanawake waliootesha miche ya Green Belt Movement, chama alichokianzisha Profesa Wangari Maathai mwaka 1977. Lakini maporomoko yale hakupata kuyaona hata siku moja.

Waliingia kwa lango la Limuru Road, wakalipa kiingilio, wakashuka kuufuata mto. Mikaratusi iliyopandwa kwa safu iliachwa nyuma, ikaja mihugu na miti mingine ya asili, na juu yake mbega, wanyama waliorudishwa msituni humo kuanzia mwaka 2014. Mwana alitangulia kwa haraka, na chombo chake mgongoni. Mama alifuata na fimbo yake.

“Baba,” alimwita, maana mwana huyo alipewa jina la babu yake mzaa mama, “maji hayo yalikuwako kabla yetu. Mbona wayakimbilia?”

Walipofika, mawingu yalikuwa yametanda, jambo ambalo mpiga picha hulifurahia, kwa sababu jua kali huyafanya maji yawe meupe mno na miamba iwe meusi tii. Akaisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, akaitengeneza ili jicho lake likae wazi kwa nusu ya sekunde. Kwa muda huo kila tone huacha alama ya njia yake, na maji yote huonekana laini kama uzi wa pamba. Ila chochote kingine kikitikisika, picha huharibika.

“Mama, tafadhali sogea kidogo. Umesimama ndani ya picha.”

Mama hakusogea. Alisema kwa upole, “Mwaka 1999 pia tuliambiwa tusogee.”

Ndipo akamsimulia habari ambayo mwana aliisoma vitabuni tu. Katika miaka ile sehemu kubwa za msitu zilikuwa zimegawiwa kwa siri ili zijengwe majumba. Tarehe 8 Januari, 1999, Profesa Maathai alikwenda na wenzake kupanda mti, wakashambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Profesa alipigwa kichwani, naye alipoandikisha mashtaka polisi, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Rais Moi alitangaza kuzuia ugawaji wa ardhi ya umma.

“Siku ile nilikuwa na mche mkononi,” mama akasema. “Nilikimbia nao, nikaupanda nyumbani. Ndio ule uliokuwa ukiupanda ulipokuwa mdogo.”

Mwana alinyamaza kwa kitambo. Kisha akamwomba mama asimame papo hapo, asitikisike. Mama akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, akatulia kabisa, na jicho la kamera likafunguka na kufumba.

Katika picha ile maji hayana umbo, yamekuwa kama moshi mweupe. Bali mama ameonekana wazi, hata mikunjo ya kitambaa chake yaweza kuhesabiwa.

Yafaa wazazi wawapeleke watoto wao mahali pale. Wavae viatu vyenye kushika vizuri, kwa maana miamba huteleza sana baada ya mvua, na wasiache takataka. Tena wawaeleze kwamba msitu ule haukujilinda wenyewe. Mtoto asiyeambiwa hivyo ataona miti na maji tu, na siku moja, akiwa mwenye cheo na kalamu mkononi, atatia sahihi ya kuvigawa bila kujua anagawa nini.