Yatima Mwenye Fuvu la Mamaye

Miongoni mwa viumbe 151 wa mchezo wa Pokémon, uliotoka Japani mwaka 1996, sisi ndugu watatu tulimpenda mmoja: Cubone, nambari 104. Wenzetu mtaani walimsifu Pikachu. Cubone hafiki nusu mita kwa kimo, hushika mfupa mkononi, na kichwani huvaa fuvu la marehemu mamaye. Alialo humo hutoka kama wimbo wa huzuni.

Mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki mjomba alipotuletea Game Boy kutoka Dubai. Wakubwa walitupa pole, kisha wakanyamaza. Jina lake halikutajwa nyumbani, kwa kuchelea tusilie. Kiumbe huyu wa kuchorwa ndiye pekee aliyelia bila kukatazwa. Mdogo wetu hakukubali katu apelekwe vitani. Mchezo wasimulia kwamba mamaye aliuawa na genge la wahalifu. Habari ya mzimu wake tuliipita upesi, kwani maalimu alikwisha kutufundisha mengine kuhusu wafu.

Mwaka 2001 wanazuoni wa Saudi Arabia waliupiga marufuku, na mojawapo ya hoja zao ni kuwa kadi zake zafanana na kamari. Kuhusu kadi twaafikiana nao, hazikuingia kwetu. Ama Cubone, mapenzi yetu kwake hayajapungua hadi leo.

Watoto wetu wakiuliza bibi yao alikuwaje, hatunyamazi. Twawasimulia maandazi yake ya hiliki, na sauti yake akituamsha kwa Swala ya Alfajiri.