Majina ndani ya Biblia ya Babu

Mtu asiyejua alikotoka hupata shida hata siku ya arusi. Jambo hilo limetupata sisi wenyewe.

Ndugu yetu mdogo alitaka kuoa binti wa jamaa jirani. Wazee wakakataa: «Wale waliozaa babu zenu waliitana ndugu. Ninyi ni damu moja, na mila haikubali.»

Basi tulifungua Biblia ya babu. Katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika siku ya ndoa yake, mwaka 1933, na majina ya watoto wake. Kipande chake cha serkali kilitaja kijiji na sultani wake tu. Tukaenda misioni.

Hapa yafaa mjue desturi ya Kanisa. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, paroko anapashwa kuandika kitabuni batizo na ndoa. Na tangu 1908 ndoa ya mtu yaandikwa pia pembeni mwa batizo lake. Kwa hiyo kitabu kimoja chakupeleka kwa kingine, kama njia ya mwituni yenye alama mitini.

Kitabu cha ndoa kilituonyesha batizo la babu. Batizo lilitaja baba yake, naye tulimkuta katika kitabu cha Mpala, mwaka 1892. Mpala ni boma lililojengwa na Storms mwaka 1883; Mapadri Weupe walilipokea mwaka 1885, wakakomboa huko watoto wengi waliotekwa utumwani. Baba wa babu alikuwa mmoja wao. Maneno ya Kilatini yalikuwa machache: mtoto aliyekombolewa, ametoka Manyema, wazazi hawajulikani. Mstari uliofuata ulikuwa wa mzee wa jamaa ya yule binti. Huyo naye alikombolewa siku zile zile, lakini alitoka Marungu, na jina la mama yake limeandikwa.

Wazee walinyamaza kitambo. Kisha mkubwa wao akasema: «Kumbe undugu wao ulikuwa wa minyororo, si wa tumbo moja.» Wakapokea mali, arusi ikafungwa.

Sisi tulifurahi, tena tulihuzunika. Kule Manyema mama mmoja alimlilia mtoto wake, wala jina lake hatutalijua kamwe.

Enyi wazazi, andikeni majina ya baba na mama zenu, na kijiji walikotoka. Kalamu ni bei ndogo. Jina lililopotea halina dukani.