Tairi la Theluji Katika Mbuga ya Kishapu

Katika mkoa wetu wa Shinyanga theluji haianguki. Hata hivyo, mimi nimewahi kukwamishwa njiani na tairi la theluji, tena usiku, mama yangu mzazi akiwa hoi katika kiti cha nyuma. Nakisimulia kisa hiki bila kujitetea, maana kosa lilikuwa langu.

Mwaka 2018 nilinunua gari dogo lililotumika, lililoletwa kutoka Japani. Matairi yake manne yalikuwa na kashata nene, nazo zilichanjwa mikato myembamba isiyo na idadi. Majirani walikuja kuyatazama, wakayasifu. "Haya ndiyo ya tope hasa," alisema mmoja wao, nami nikaridhika. Asiyeridhika alikuwa mke wangu. Tulikuwa na akiba tuliyoiweka kwa ajili ya matairi ya msimu wa mvua, na nilipotaka kuinunulia makochi aliniambia, "Baba Kulwa, makochi hayatatuvusha mbuga." Nilicheka. Makochi yakanunuliwa.

Kwa msomaji asiyeijua nchi yetu, hapana budi nieleze kwamba mbuga, kwa maana ya Usukumani, ni ardhi tambarare yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Mvua zinapoanza, aghalabu mwezi Novemba, hunywa maji, ukavimba, ukanata kama ulimbo. Pamba hustawi humo, gari huzama.

Siku moja ya mwezi Desemba nilipata habari kwamba mama ameshikwa na homa kali na anapumua kwa taabu. Kijiji chetu kimo wilayani Kishapu, mbali na lami. Nilikwenda alasiri, njia ikiwa kavu. Tulipoanza kurudi, mvua ilikuwa imekwisha kunyesha kwa saa nzima. Hatukumaliza hata kilometa mbili. Gari liliteleza upande, likasimama. Nilishuka na tochi, nikaona mikato yote ya tairi imejaa udongo, na tairi limekuwa laini kama chungu kilichosiribwa. Kila nilipokanyaga mafuta, magurudumu yalizunguka na kuzama zaidi.

"Zima gari, mwanangu," alisema mama kwa sauti ndogo. "Unalichosha bure."

Nililizima. Usiku kucha nilikaa nikisikiliza pumzi zake, nikazihesabu, na kila moja ilinikumbusha makochi yaliyokuwa sebuleni kwangu.

Kulipopambazuka alikuja mzee mmoja wa kijiji na ng'ombe wanne wa kulimia. Mzee huyo aliendesha malori ya pamba kwa miaka mingi. Kabla ya kufunga mnyororo aliinama, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba, kisha akaufuta udongo ubavuni mwake. "Mwanangu, wewe ni mtu wa magazeti," aliniambia. "Hebu soma hapa." Nikasoma: STUDLESS. Nilikuwa nimeliona neno hilo kwa miezi mingi, wala sikuwahi kuuliza maana yake.

Baadaye niliuliza. Hilo ni tairi la barafu lisilo na misumari. Katika nchi za baridi, kama huko Hokkaido kaskazini mwa Japani, madereva hubadilisha matairi kila majira ya baridi yanapofika. Ujerumani sheria ya mwaka 2010 inawalazimisha kuwa nayo barabara inapokuwa na theluji au barafu. Mpira wake huchanganywa ili ubaki laini hata baridi inaposhuka chini ya nyuzi 7, ambapo mpira wa kawaida huanza kukakamaa. Ile mikato myembamba ni meno ya kuing'ata barafu.

Kwetu sisi, ambako joto la mchana hupita nyuzi 30, mpira huo hulegea kupita kiasi, huliwa upesi na lami, na gari huchelewa kusimama linapofungwa breki. Katika tope la mfinyanzi, mikato yake huziba. Tairi la tope lina kashata kubwa zilizoachana, ili gurudumu linapozunguka lirushe udongo nje. Lakini hilo nalo lina kasoro zake: hunguruma barabarani, na lami ikilowa halishiki vizuri. Familia ya mjini inayokwenda kijijini mara chache inafaa kuchagua tairi la njia zote. Tena isijidanganye: mbuga iliyoshiba maji haishindwi na tairi lolote. Dawa yake ni kusubiri, au kuzunguka.

Basi unaponunua tairi, au gari lenye matairi yake, usitazame unene wa kashata peke yake. Soma ubavuni. Tarakimu nne za mwisho katika namba ya utengenezaji ni juma na mwaka: 3514 ni juma la 35 la mwaka 2014. Tairi lililozeeka hukauka na kupasuka ingawa kashata zake zingali nzima. Wala usidanganywe na herufi M+S. Maana yake ni tope na theluji, lakini hazikuhakikishii kwamba utavuka Kishapu.

Mama alifikishwa hospitali mchana, akaonekana ana homa ya mapafu. Daktari alituambia kwamba tungechelewa usiku mmoja zaidi, pengine angekuwa na maneno mengine ya kutuambia. Akapona, namshukuru Mungu. Siku hizi anapotutembelea huketi juu ya makochi yale, huyapapasa kwa mkono, huyasifu, kisha hunigeukia na kuniuliza, "Na matairi je?"