Tasbihi ya Bi. Fatma Katika Nyumba ya Mzazi

Huku kwetu Haydom, kwenye nyanda za juu za Mbulu, kazi za nyumbani huanza na maji. Kiangazi kikikaza, foleni ya ndoo na madumu huwa ndefu kabla jua halijachomoza, na mwenye punda ndiye mwenye nafuu. Aliye na mtoto mchanga huhitaji maji maradufu.

Mwaka huu Mwenyezi Mungu alituruzuku mtoto wa tatu, binti. Mwenzangu alijifungua kwa upasuaji katika hospitali hii ya hapa, ambayo Walutheri kutoka Norway waliifungua mwaka 1955, na ambayo humpokea Mwiraqw, Mdatoga na Mhadzabe bila kumuuliza anaabudu wapi. Alikatazwa kubeba kitu kizito kwa wiki sita. Mama yake yuko Kondoa, naye ni mgonjwa. Basi ndoo, jiko, nepi na watoto wawili wakubwa vikawa juu yangu.

Mlango wa tohara niliusoma chuoni na kuufaulu. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mkojo wa mtoto wa kiume asiyekula chochote ila maziwa hutosha kunyunyiziwa maji. Wa mtoto wa kike huoshwa. Wetu ni wa kike! Ruhusa ile ikabaki kitabuni, mimi nikabaki na beseni, na maji ya Haydom alfajiri ya Julai huuma hadi mifupani.

Mzee mmoja wa kamati, ninayemheshimu sana, alinikuta nikianika.

“Katibu, hata nepi?”

“Hata nepi, mzee wangu.”

Alihofia heshima ya msikiti mbele ya majirani. Namwelewa, maana Waislamu hapa tu wachache na tunatazamwa. Lakini Bi. Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza, kama alivyopokea Imamu Bukhari, kuwa alikuwa akiwahudumia ahli zake, na wakati wa swala ukiingia hutoka kwenda kuswali. Sijui katibu wa msikiti ana heshima gani ya kuizidi hiyo.

Nepi, hata hivyo, zilikuwa jambo jepesi. Usiku mmoja, wiki ya tatu, mwenzangu aliniambia huku akilia kwamba anahisi imani inamtoka. Yumo katika nifasi, haswali wala hashiki msahafu. Usiku na mchana ni kunyonyesha na maumivu ya mshono. Adhana inaposikika, alisema, hujiona kama mtu aliyefungiwa nje ya mlango.

Nilimsimulia kisa cha Bi. Fatma (r.a.), ambaye mikono yake iliumia kwa kusaga, akaenda kumwomba baba yake mtumishi. Hakupewa. Usiku Mtume (s.a.w.) aliwaendea yeye na mumewe, akawafundisha waseme walalapo: Subhanallah mara 33, Alhamdulillah mara 33, Allahu Akbar mara 34. Wapo waume wanaokitumia kisa hiki kumnyamazisha mke aliyechoka, nami nawaona hawakukisoma chote. Katika riwaya ya Imamu Ahmad, Sayyidna Ali (r.a.) naye alilalamika kwamba kifua kinamuuma kwa kuteka maji. Alikuwa akiteka maji! Na Mtume alikaa baina yao, akawafundisha wote wawili. Ali hakuiacha tasbihi hiyo hata usiku wa Siffin.

Dhikri hii haina sharti la udhu, wala nifasi haiizuii. Mwenzangu alikuwa akilijua hilo tangu madrasa, lakini uchovu ulikuwa umemsahaulisha. Mlango alioudhani umefungwa ulikuwa wazi muda wote ule.

Tangu usiku huo tunaileta pamoja, yeye akinyonyesha, mimi nikikunja nguo. Shukrani haikuja mara moja. Zilikuwapo siku alizosema Alhamdulillah akiwa ameuma meno, nami sikumhimiza atabasamu. Sasa, akimaliza zile 33, hutaja jambo moja la siku hiyo: kidonda kilichofunga, dumu la maziwa kutoka kwa jirani yetu wa Kiiraqw, ambaye ni Mkristo, au mtoto kucheua vizuri bila kutapika.

Mara nyingi binti huamka katikati ya hesabu. “Tulifika ngapi?” huniuliza. Nami huwa nimeshasahau, tukaanza upya.