Wendy Anakaribisha Chai

Chumba cha kuchezea cha Peter na Wendy huonyesha ukutani chochote wanachokiwaza. Wao huwaza mbuga ya Afrika, na simba wakila kitu kwa mbali. Baba anapoamua kukifunga, watoto wanawafungia wazazi wote wawili humo ndani, na simba wanawajia. Hiyo ndiyo “The Veldt” ya Ray Bradbury, iliyotoka mwaka 1950 katika jarida la Saturday Evening Post la Marekani. (Simba wenyewe ni Wamarekani kabisa. Mimi wa Morogoro mbuga naijua kupitia dirisha la basi, pale barabara ya Iringa inapokatiza Mikumi, na mara nyingi unachoona ni swala na nyani.)

Bradbury alikuwa na mazoea haya. Mwaka 1947, katika “Zero Hour”, binti wa miaka saba na wenzake wanawasaidia wavamizi wasio wa dunia hii, kama mchezo, huku mama yake akicheka. Mwaka uliotangulia aliandika juu ya kichanga kinachowaua wazazi wake. Kichanga hicho hakinitishi, ni shetani tu. Peter ananitisha.

Sisi tumekuzwa na habari za radhi: mtoto akimkosea mzazi, mambo yake hayaendi. Hatari iko upande wa mtoto. Kwa Bradbury radhi haipo. Nilimsimulia mama akiwa anachambua mchele, nikitegemea atasema watoto wa kizungu hawana adabu. Akauliza, “Chakula alikuwa anapika nani?” Nikamwambia nyumba yenyewe: inapika, inaogesha, inafunga hadi kamba za viatu. “Sasa hao wameua wazazi gani?” akasema, akaendelea na mchele wake.

Nimeandika kurasa nyingi za tasnifu bila kulifikia swali hilo. Simba wanakuja mwishoni tu. Nafasi ya mzazi ilishachukuliwa zamani, na baba ndiye aliyeilipia nyumba hiyo dola 30,000.

Lakini ninachokirudia kusoma ni mwisho. Mgeni anafika, anawakuta watoto wanakula, na Wendy anamkaribisha chai. Adabu haijapungua hata kidogo.

Baba yangu alifanya kazi mbali, akija nyumbani mara mbili kwa mwaka. Akifika tulimpokea mizigo: shikamoo, maji ya kunawa, kiti kizuri. Hakuna jirani aliyewahi kusema hatukulelewa. Usiku, kitandani, mimi na mdogo wangu tulihesabu siku zilizobaki aondoke, turudi kwenye maisha yetu. Hatukumchukia. Alikuwa mgeni, na mgeni huyo ndiye aliyetulipia ada.

Amestaafu sasa. Asubuhi hukaa barazani, na nikiwa nyumbani mimi ndiye ninayempelekea chai. Juzi aliniuliza utafiti wangu unahusu nini hasa. Nikasema hadithi fupi za Kimarekani.

“Haya, nisimulie moja,” akasema, akanisogezea kiti.